Kura ya Miguu

Mimi na wifi yangu hatukuanza vizuri, na sitaki mtu aje kunipamba aseme tulikuwa pete na kidole. Alipoolewa na kaka yangu nilimwona mwanamke mkavu, hacheki ovyo, majibu yake ya mkato, na shingoni ana ile tepe ya kupimia nguo ambayo haivui hata akienda msibani. Watu wakamwita Tepe. Mimi pia nikamwita Tepe, ila nililitamka nikiwa nimebetua midomo. Wifi ni wifi, bwana. Lakini niliyoyaona miaka ile ya mpango wa bustani yalinifunga mdomo, na anayenijua anajua mdomo wangu haufungwi kirahisi.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Walimwita Fundi, basi, kana kwamba mtaa mzima hauna fundi mwingine. Mtu mrefu, wa mizaha, sauti yake akiwa karakana unaisikia ukiwa sokoni. Siku moja alipanda kwenye paa la ghala kuchomelea mabomba, chuma alichokanyaga kikaachia, akaanguka chali juu ya sakafu ya saruji. Hakufa. Wapo waliosema ana bahati, nami niliwatazama tu. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena, na hospitali walimrudisha kwenye kiti cha magurudumu, kanyamaza kama mgeni aliyekosea nyumba.

Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa duka la wifi. Cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, nguo za wateja zimening'inizwa ukutani kila moja na kipande cha karatasi. Mlango unatazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro kuna ukuta wa gereji, mtupu, rangi imebanduka. Kaka alikaa kizingitini anautazama huo ukuta asubuhi hadi jioni. Ukimsalimia anaitikia. Ukimuuliza hali anasema nzuri. Ukiondoka anarudi kwenye ukuta wake.

Daktari alimwambia wifi waziwazi. Huyu mtu ana vidonda vya kukaa, akasema, na ameshajikatia tamaa mapema. Asipotoka, asipopata jua na kuonana na watu, hamtakaa naye sana. Wifi akayachukua maneno yale, akayaweka moyoni, na tangu siku hiyo hakuwa na jambo lingine kichwani. Atamtoaje kaka nje?

Maana nje kwenyewe ni wapi? Mwisho wa uchochoro wetu kuna mtaro mkubwa wa maji ya mvua, na ng'ambo ya mtaro ndiyo bustani ya umma. Bustani jina tu. Ua la mwisho lililiwa na mbuzi mimi nikiwa bado msichana. Ni uwanja mpana wenye kila kitu na hauna kitu: upande wa chini watu wanacheza mpira kwenye magoli yasiyo na nyavu, katikati wanatandaza mitumba siku za soko, juu kuna bembea mbili na moja haina kiti. Harusi wanafunga mahema humo humo, wanasiasa wanapigia kelele humo humo. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Na kuvuka mtaro unapita juu ya mbao mbili zilizooza, unajiombea.

Basi halmashauri ikatuletea kijana mmoja mwenye miwani, mpole, wa kuchora mpango wa bustani. Si wa mwaka huu na ujao, la, wa miaka kumi na mitano, umegawanywa awamu tatu. Tukamwita Mipango. Alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi, akatuambia tuseme tunataka nini, yeye atachora. Jamani, watu walisema! Mwingine alitaka bwawa la kuogelea, na nyumbani kwake bomba halitoi maji siku tatu. Mipango akachora kwa subira vile vinavyowezekana, kisha akatueleza ukweli mchungu. Awamu ya kwanza itatosha vyoo, taa na kitu kimoja kikubwa. Vingine vitasubiri miaka mitano.

Vitu vikubwa vilivyobaki mezani vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kiwanja cha mpira cha maana, chenye uzio na jukwaa la watazamaji. Cha pili ni njia. Njia pana ya zege, isiyo na ngazi, inayoanzia kwenye uchochoro wetu, yenye daraja juu ya mtaro, inazunguka bustani nzima na kurudi. Mipango aliichora kwa rangi ya buluu. Aliyeiomba ni Tepe, mwanamke ambaye hajawahi kufungua kinywa kwenye mkutano wowote. Siku ile alisimama, akasema anachotaka, akakaa. Tulishangaa wote.

"Miaka mitano, wifi," aliniambia tukirudi nyumbani. "Yule mtu anayo hiyo mitano?"

Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji kila siku, alijua kuliko mimi.

Hapo ndipo nilipomjua Tepe ni nani. Alizunguka nyumba hadi nyumba. Wazee wenye magoti mabovu aliwaambia: mtatembea bila kujikwaa. Kina mama wenye watoto kwenye vigari vya kusukuma, wenye mikokoteni, mjane aliyevunjika nyonga kwenye zile mbao, wote aliwafuata. Nguo za watu zilichelewa, wateja wakanuna, mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kwa matusi. Tepe akamkunjia, akampa, akavaa viatu akatoka tena. Hata mimi alinivuta. Kazi yangu ni kusuka nywele, na mtu nikishamshika kichwa atanisikiliza apende asipende. Nilivyowahubiria njia pale saluni, wengine walitoka wamesukwa nusu ili wanikimbie.

Upande wa mpira kiongozi wao alikuwa Kinyozi. Sisemi alikuwa mbaya. Ni rafiki wa kaka wa tangu ujana, na kila Ijumaa alikuja na wembe na beseni lake kumnyoa pale pale kizingitini, halafu hapokei kitu. Walikuwa wakiongea chinichini, na siku nyingine ungemsikia kaka akicheka kidogo, kicheko cha kuguna. Wifi akisikia anakunja uso. "Anakuja kumrubuni mume wangu," alinung'unika, "na povu la sabuni." Tukacheka, tukapuuza.

Sasa nieleze kura yetu, maana mgeni haelewi. Mtaani kwetu hatupigi kura kwa karatasi. Zamani tulipiga, karatasi zikatoka nyingi kuliko watu, pakachapwa ngumi mpaka mwenyekiti wa wakati ule akang'oka jino. Tukahamia kunyoosha mikono. Nayo ikawa vurugu, mtu ananyoosha wake, wa mkewe na wa mama mkwe aliyebaki nyumbani. Mwisho tukakata shauri: kila mtu aende akasimame pale anapotaka jambo lifanyike. Unataka kisima hapa? Simama hapa. Filimbi ikilia, miguu inaganda, vichwa vinahesabiwa. Baada ya filimbi hakuna kusogea wala kujieleza. Tunaiita kura ya miguu na tunaionea fahari. Na kati yetu wote, tuliokuwa tukienda kuamua habari za watu wasiotembea kwa kura ya miguu, hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Mimi sikuiona, Tepe hakuiona.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mipango alikuwa amesimika bendera ya buluu kule juu kwenye bembea, ya njia, na nyekundu kule chini nyuma ya goli, ya kiwanja. Wifi alikuwa amemvalisha kaka shati jipya alilomshonea kwa ajili ya siku hiyo, la mikono mirefu, kola imekaa vizuri. "Leo unakwenda kupiga kura yako mwenyewe, baba," alimwambia. Kaka akasema, "Sawa." Wifi akamwomba makanika wa gereji ile ya mbele amvushe mtaro na kumpandisha kule juu, kisha yeye na mimi tukatangulia kupanga watu wetu.

Nasema kweli, tulikuwa wengi. Wazee walikuja na viti vyao. Mjane wa nyonga alikuja na fimbo. Wifi alikuwa akihesabu kimyakimya, midomo inacheza, anatazama kwetu, anatazama kwa wenye nyekundu, anatazama tena kwetu. Tulikuwa karibu sawa. Alinishika kwa mkono wa baridi kabisa.

Ndipo alipokiona kiti. Makanika na Kinyozi walikuwa wamekibeba juu ya zile mbao, wakakishusha ng'ambo, wakakisukuma kidogo, na sasa kilikuwa kimesimama nyuma ya goli, pale pale kwenye bendera nyekundu. Wale wawili walikuwa wamekiachia.

"Amekwama!" wifi akapiga kelele. "Wamemwacha kwenye mchanga!"

"Watamleta, subiri," nikamwambia.

Wapi! Alishachomoka. Alishuka ule mteremko mbio, gauni limekusanywa mkononi, ndala moja ikabaki nyuma. Nilimwita hadi koo likanikauka: "Wifi, rudi! Filimbi! Filimbi!" Mipango alikuwa amesimama katikati, ametupa mgongo, anatazama saa yake. Akaiweka filimbi mdomoni. Ilipolia, wifi ndiyo kwanza anashika vishikio vya kiti.

Miguu ikaganda. Wakahesabu huku, wakahesabu kule, wakarudia. Kiwanja kikashinda kwa watu watatu. Chukua mtu na mkewe pale walipo, walete huku, upige hesabu mwenyewe.

Tepe alilia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia kabla ya hapo, hata siku alipoanguka kaka. "Si halali!" alisema. "Mnamhesabuje mtu aliyekwama? Mlemavu hana miguu ya kusogea, nyie mnamhesabu! Hamna haya?"

Watu wakaanza kunong'ona, na hata wenye nyekundu wengi waliinamisha vichwa. Mipango akashuka haraka, akachuchumaa mbele ya kiti, akavua miwani. Kijana wa watu alikuwa amepauka. "Fundi, naomba radhi," akasema. "Ulikuwa unaelekea wapi? Ukisema juu, nahesabu upya sasa hivi."

"Na sisi hatupingi," makanika akasema. Kinyozi akatazama vidole vya miguu yake.

"Waambie, baba," wifi akamwambia, amepiga magoti mchangani. "Waambie ulikwama."

Kaka aliinyoosha kola ya lile shati jipya. Kisha akasema, na ile sauti yake ya zamani ikatoka, tukaisikia mpaka kule kwenye bembea.

"Sikukwama. Niliwaambia waniweke hapa. Hapa ndipo ninapotaka."

Nilitamani kumzaba kofi. Kaka yangu wa tumbo moja, mgonjwa, kwenye kiti, nami nilitamani kumzaba kofi mbele za watu. Baadaye nilimhurumia, lakini pale nilikuwa na hasira. Wifi aliinuka, akajipangusa mchanga, akasukuma kiti hadi mtaroni bila kutazama mtu. Kinyozi alipokuja kusaidia kubeba, akamwachia upande mmoja.

Nyumbani nilichemsha chai, maana sikuwa na la kufanya. Hakuna aliyekunywa. Wifi alikaa kwenye kiti cha cherehani, mguu mmoja hauna ndala.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye.

Kaka akamjibu kwa swali. "Ile njia yako inakwenda wapi?"

"Inazunguka bustani."

"Halafu?"

"Halafu unarudi nyumbani."

"Haya, umeona? Unanisukuma, nazunguka, wananitazama, wananiambia pole, narudi. Kesho tena pole. Mimi mzigo wa kupitishwa mbele za watu, Tepe? Kwenye mpira watu wote wamekaa. Wote. Mwenye miguu kakaa, asiye na miguu kakaa, wanamtukana refa. Pale ningekuwa mtu kama watu."

"Hukuniambia," wifi akasema.

"Hukuniuliza. Mtaa mzima mmeuuliza, mpaka wauza mitumba mmewauliza. Mimi mlinivalisha shati."

Wifi akageukia cherehani, akaanza kukanyaga. Sindano ilipanda na kushuka, haina uzi. Nikachukua kikombe changu nikaenda kumwaga chai nje, nikabaki huko huko.

Jukwaa likajengwa, na lilikuwa zuri, sitakataa. Ngazi za zege, paa la bati, na mbele kabisa Mipango aliacha nafasi tambarare ya kiti cha magurudumu, hakuambiwa na mtu. Jumamosi za mwanzo Kinyozi na makanika walikuja kumbeba kaka, wakamvusha mtaro, wakamweka pale. Mungu wangu, ungemwona! Alifoka, alicheka, alimwambia refa akapimwe macho. Jioni alirudi sauti imekauka na anaomba chakula. Wifi alikuwa akisimama nyuma ya jukwaa na mikono kifuani, hajui mpira, hajui anatazama nini. Alikuwa anamtazama kaka. Nilimwona akimeza maneno yake moja moja.

Lakini watu wana maisha yao. Makanika alihama kufuata kazi. Kinyozi mgongo ukamshika, akawa anakuja kunyoa tu. Wengine wakawa ni Jumamosi ijayo, Fundi, Jumamosi ijayo bila kukosa. Siku moja wakaja wanaume wawili wageni wa kazi hiyo, mvua imetoka kunyesha, ubao ukavunjika, wakamwangusha kaka kwenye mtaro na kiti chake. Maji machafu yalimfika kifuani. Walimtoa, wifi akamwogesha, akambadilisha bandeji zote. Kaka akasema, kwa upole kabisa, asije mtu kunibeba tena.

Daraja lilikuwa kwenye awamu ya pili. Daraja ni sehemu ya njia, si sehemu ya kiwanja. Kwa hiyo akawa na kiwanja chake na hakuna pa kupita kukifikia. Jumamosi alikaa kizingitini, anautazama ukuta wa gereji, na nyuma ya ukuta anasikia watu wanashangilia.

Nikwambie kitu kimoja kuhusu Tepe. Hakusema. Mimi ningesema! Ningemwambia asubuhi, mchana na jioni, nilikwambia, umeona sasa, si ulitaka mwenyewe. Yeye na ulimi wake ule wa wembe hakuligusa neno hilo hata mara moja, na kuanzia hapo nikaacha kumbetulia midomo.

Jumamosi moja kelele zililipuka huko uwanjani, kaka akainua kichwa. "Nani kafunga?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Wifi alikuwa anampima mteja kiuno. Akaachia hapo hapo, akatoka, akavuka mtaro. Akarudi anahema. "Wenye nyeupe."

"Nani katika wenye nyeupe?"

"Mmoja mfupi."

"Kwa mguu gani?"

"Ala! Mguu si mguu tu?"

"Mguu si mguu tu, Tepe," kaka akasema, na akacheka, kicheko kizima. "Rudi ukaulize."

Na akarudi! Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Kila Jumamosi alikaa jukwaani, kwenye ile nafasi tambarare, peke yake. Wakienda mapumziko anakimbia nyumbani kueleza, kisha anakimbia kurudi. Mtaa ulimcheka, wakamwita Redio. Alijifunza kona ni nini, kuotea ni nini, mpaka akawa anabishana na wanaume. Nilimkuta siku moja amepanga vifungo juu ya meza ya kukatia, anamwonyesha kaka mpira ulivyopita. Kaka alikuwa amesogeza kichwa karibu na wake. Sikuingia.

Ila vidonda haviponi kwa kupewa habari za mpira. Vilichimba. Daktari alikuja, akatazama, akatoka nje na wifi. Kaka alikonda, akawa halali wala hakai vizuri, homa inapanda na kushuka. Alikufa katika msimu wa mvua, siku ya kazi, mchana, ligi ikiwa imesimama kwa sababu kiwanja kimejaa maji. Wifi alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa saluni, nikaitwa, nikakuta ameshamfumba macho.

Nilidhani wifi atalala chini asiinuke. Aliinuka. Alishona, alilipa kodi ya nyumba, alihudhuria vikao vya kamati ya bustani vyote, anakaa nyuma, haulizi kitu. Awamu ya pili ilifika kwa wakati wake, haikuchelewa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Njia ya buluu haikuwa na mpinzani. Mafundi wakamwaga zege kuanzia kwenye uchochoro wetu, wakajenga daraja pana lenye vishikio, na mteremko laini wa kushukia hadi jukwaani. Kutoka kizingiti cha wifi hadi nyuma ya goli ni mwendo wa mtoto mdogo.

Kabla ya kukabidhi, Mipango akaja na msimamizi wa mafundi. Walisimama mlangoni wanasukumana kwa macho nani aanze. Mipango alikuwa ameshaota mvi kidogo. "Mama, samahani sana," akasema. "Inatakiwa tujaribu daraja na mteremko kwa kiti cha magurudumu. Na mtaani hapa tunajua kiti kimoja tu."

Nilishafungua mdomo niwape vidonge vyao. Kwani hawana adabu? Wifi akanishika mkono. "Wacha, wifi," akasema. Akaingia ndani, akakitoa, akakipangusa vumbi kwa kipande cha kitambaa, akakisukuma mwenyewe hadi darajani.

Kiti kitupu hakikutulia. Kilirukaruka kwenye maungio ya zege, magurudumu ya mbele yanageuka upande. Msimamizi akasema hapana, hivi hatupimi kitu, kinataka uzito. Akachukua kiroba, akakijaza mchanga uliobaki kwenye ujenzi, akakiketisha kitini, akakifunga kamba. "Haya. Huyo ni mtu mzima wa kawaida."

Wifi alikitazama kile kiroba. "Si yeye huyo," akasema.

"Unasemaje, mama?"

Alifungua kamba, akainama, akapitisha mikono chini ya kiroba na kukikumbatia, kifua kwa kifua, namna alivyokuwa akimwinua kaka kitandani kila asubuhi ya miaka yote ile. Akakinyanyua kidogo, akakirudisha.

"Punguza," akasema.

Msimamizi akanitazama, nami nikatazama pembeni. Akachota mchanga kwa koleo, akamwaga chini. Wifi akakinyanyua tena.

"Bado. Punguza."

Akachota tena, na tena, mpaka kiroba kikalegea na kujikunja kitini. Mipango alikuwa amegeuka, miwani yake iko mkononi. Wifi akainama mara nyingine, akakikumbatia, akakinyanyua.

"Hapo," akasema, na hakukirudisha kitini.